Mwana wa Moshi na Foleni ya Sabuni

— Anayebisha anyanyuke sasa hivi, kabla sijamwaibisha mbele ya kahawa yake!

Hivyo ndivyo Ngolo alivyolivamia benchi la kahawa la mtaa wa Mukendo, kifua mbele, vifungo vitatu vya shati wazi. Darasa la tano aliliacha njiani, ila ubishi hakuuacha. Ng'ambo ya barabara palikuwa na banda la Rafaeli, lenye televisheni na mashine ya gemu iliyopitia mpakani Sirari mwaka ule maduka ya Musoma yalipofurika hadi kandambili za rangi mbili. Gemu lenyewe lilitolewa kwenye vitabu vitano vya Kizungu, na Ngolo alidai amelimaliza asubuhi ile, jambo ambalo mjini hapo hakuna aliyeliweza. Benchini aliitwa Kamanda. Wazee wawili wa benchi hilo, Alfonce aliyepunguzwa kazi kiwanda cha nguo na Apolinary fundi baiskeli, walishaapa: ikibainika ni uongo, ukamanda unavuliwa hapohapo.

— Joka lina vichwa saba, Ngolo alisema. Vyote nimevifyeka. Tazameni kidole gumba, kimetuna kama samaki furu aliyeachwa juani.

— Mimi nimepigaga pampu miaka kumi, kidole hakijatuna, alijibu Apolinary.

Alfonce alipuliza kahawa.

— Huyo shujaa anaitwa nani?

— Mwana wa Moshi. Anamtafuta dada yake, kafungiwa nyuma ya joka.

— Wa Moshi mjini au Marangu?

— Moshi wa kuni, mzee! Kazaliwa ndani ya moshi!

— Ndiyo hasara ya kukimbia shule. Mtu wa Moshi hapigani na joka bure. Lilikuwa limelalia nini?

— Dhahabu.

— Unaona? Alifuata mzigo!

Apolinary akapiga goti lake.

— Nyote hamjui. Joka ni foleni! Alfonce, mwaka themanini na tatu umeusahau? Foleni ya sabuni, kichwa dukani, mkia mtaa wa Kitaji. Ukikikata kichwa kinaota kingine, maana mwenye duka anauzia mlango wa nyuma. Akaja jamaa wa Moshi, akafungua duka, foleni ikafa. Wazungu wakasikia, wakaandika vitabu vitano. Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hapo inaingiaje?

— Inaingia ukiisogezea nafasi.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kisha Alfonce akashusha sauti.

— Mke wangu alikuwa anakata kipande cha sabuni kwa uzi, kitoshe mwezi. Na nilimpata kwenye foleni hiyohiyo, alikuwa nyuma yangu na ndoo. Siku hizi mtu unanunua na kuondoka, hata jirani yako humjui.

Ngolo alitazama kikombe chake. Naye foleni ile alikuwa anaijua, urefu wake wote.

Pembeni alikaa Burito, mgeni aliyeshuka na basi la Bunda, akisubiri mwenyeji wake.

— Samahani, Kamanda. Joka lilipokufa, dada mtu alipatikana?

Benchi zima likamgeukia Ngolo.

— Yalipanda maneno kwenye kioo, alisema. Mengi. Ya Kizungu. Nilisimama pale mpaka yakaisha.

— Kwa hiyo hujui? Apolinary aliuliza, bila kucheka.

— Dada yangu Wegesa ndiye alikuwa ananisomeaga vile vitabu vitano, akigeuza Kiswahili. Cha kwanza tulikimaliza foleni ya sukari. Cha pili na cha tatu, sabuni. Cha nne, mafuta ya taa. Cha tano tulifika katikati, maduka yakajaa. Mama akasema hakuna tena kwenda kupanga mstari. Foleni ziliisha kabla ya kitabu.

Alfonce akainamisha birika. Yakadondoka matone mawili na masimbi ya kahawa.

— Wegesa si kaolewa hapo Butiama? Basi moja tu, Kamanda. Nenda kamuulize.

Ngolo alifunga kifungo kimoja cha shati, kisha cha pili.

— Kuna sehemu nimeiruka, wazee. Siku ya arusi yake alikuja nacho hicho kitabu cha tano, kakificha kwenye khanga. Akaniambia, twende nyuma ya nyumba tumalizie kabla gari halijaja. Nikamwambia nimeshakisoma mwenyewe.