Fundi Gharib na Picha za Sami

Wasikilizaji wapendwa, salamu kwenu, wa mjini na wa mashamba. Leo namkumbuka Gharib Msabah, fundi wa kompyuta za majumbani. Amefariki juma lililopita na amezikwa kwao, Tumbatu. Na niseme mapema kabla hamjanipigia simu: ndiyo, Gharib alikuwa mwoga. Akishika bisibisi anasoma Ayatul Kursiyyu. Akibonyeza kitufe cha kuwashia anarudi nyuma. Watu wakimcheka mpaka machozi. Basi hao wacheshi leo wanyamaze kidogo, wanisikilize.

Gharib alikuja mjini mwaka 1985, kijana, akakaa kwa shangazi yake, mtaa wa Malindi. Akajifunza redio, kisha televisheni. Kompyuta zilipoanza kuletwa na jamaa kutoka Muscat na Dubai, akazifuata nazo. Mkewe, Bi Mwanakheir, ameniambia: "Redio alikuwa haiogopi. Kompyuta, ndiyo. Akisema, 'Mwanakheir, mle ndani mna mambo ya watu. Nkikosea nnayafuta, na hayarudi.'"

Sasa sikilizeni habari ya mwaka 2002.

Palikuwa na nyumba hapo Malindi, ya Bi Thuwaiba. Mwanawe wa pekee, Sami, alikuwa baharia kwenye meli za mizigo za masafa marefu. Alimwachia mama yake kompyuta. Lakini Bi Thuwaiba hasomi hizi herufi za skuli. Alisoma chuo cha Kurani tu, anajua herufi za Kiarabu, na kompyuta ile haikuwa nazo. Kwa hiyo Sami hakuwa akimwandikia. Akimtumia picha. Kila bandari, picha. Kawthar, mtoto wa dada yake Bi Thuwaiba, anaifungua, mama anatazama, kisha Kawthar anajibu: tumeiona. Picha ikija, maana yake Sami mzima. Jibu likienda, maana yake mama mzima. Shikeni hapo.

Siku moja picha ikafunguka nusu. Uso wa Sami ukakatika vipande, jicho huku, mdomo kule. Mistari ikapita juu yake. Skrini ikawa buluu tupu, kompyuta ikaganda, ikazima. Kawthar akapiga ukelele. Bi Thuwaiba akakaa chini, akasema: "Mwanangu keshakufa."

Na bandarini walikuwa wakisema kuna meli imepata ajali huko mbali. Meli gani, hakuna ajuaye. Hofu ikaingia nyumba ile, ikakaa.

Gharib akaitwa. "Shikamoo, Bi Thuwaiba." "Marahaba, mwanangu. Ingia, lakini usinambie kitu kibaya." Gharib akaeleza kwamba ndani mna kadi ya picha, na kuna programu inayoiambia kadi ile ichore nini. Programu hiyo inaitwa draiva. Draiva ikiharibika, picha zinakatika na kompyuta inaanguka. Akaing'oa draiva, akaiwasha upya kompyuta. Skrini ikawa nyeusi. Ikabaki nyeusi. Bi Thuwaiba akaanza kulia, na Gharib mwenyewe akafumba macho. Halafu mwanga ukarudi. Akaweka sidii, akatia draiva mpya, wakatazama picha ya zamani ya Sami. Nzima kabisa. Kila mtu akashusha pumzi.

Kesho yake, vipande tena. Akaja, akatia draiva nyingine. Vipande tena. Kawthar anasema: "Majirani wakisema nyumba ina jini, na yeye naona alikuwa anawaamini."

Aliwaamini, msinitanie. Bi Mwanakheir anasema alirudi nyumbani akaapa haendi tena. "Alilala kanuna. Asubuhi akatia bisibisi mfukoni."

Akafika bila ya taarifa. Akaikuta kompyuta inawaka, imefunikwa gubigubi kwa kitambaa cha kudarizi, mbele na nyuma. Chini ya meza, chetezo. Moshi wa udi unaingia moja kwa moja kwenye matundu ya kasha. Na waya wa simu, ule unaoleta mtandao, umechomolewa ukutani.

Akafungua kasha. Ile feni ndogo inayoipoza kadi ya picha imegandamana kwa masizi na vumbi, haizunguki hata ukiisukuma. Draiva haikuwa na kosa. Kadi ilikuwa inapikwa. Na sisi tunajijua: tunafukiza nguo, tunafukiza kitanda, tunafukiza bibi harusi. Nani angeona ajabu kufukiza kompyuta, tena ya gharama, na macho ya watu yalivyo?

Gharib akauliza: "Nani anafukiza?"

"Mimi."

"Kwa husuda?"

Bi Thuwaiba akasema: "Mwanzo kwa husuda. Halafu nkaona nkifukiza, inazima. Waya nao nkauchomoa. Ikizima, siku ile mwanangu hajafa."

Wasikilizaji wapendwa, Gharib hakumkemea. Alikaa mkekani, akamwambia: "Bi Thuwaiba, hata mimi nnaogopa. Hapa nlipo moyo unanipiga. Haya, tuogope pamoja, tuifungue."

Akaisafisha feni kwa brashi, akaitia tone la mafuta ya cherehani. Ikazunguka. Akaurudisha waya wa simu. Kawthar akafungua mtandao. Picha zimejazana.

Mnakumbuka mtandao wa wakati ule. Picha haiji yote, inashuka polepole kutoka juu. Ukachomoza ukuta mweupe. Kisha chuma cha kitanda. Bi Thuwaiba ameshika mkono wa shati la fundi, haachi. Nywele. Paji la uso. Macho.

Macho yako wazi.

Sami alikuwa kitandani hospitali, mguu umefungwa plasta, anacheka. Picha ya pili, hacheki tena. Ya tatu, amekonda. Ya mwisho ameshika karatasi kifuani, ameandika kwa herufi kubwa za Kiarabu. Bi Thuwaiba akaisoma mwenyewe, kwa sauti: "Mama, mbona hunijibu? Uko hai?"

Juma lililopita nilimkuta Sami Tumbatu, amelibeba jeneza la Gharib. Akanambia: "Kawthar aliponijibu, nlikuwa nshakata tiketi, na plasta yangu mguuni. Nlikuwa nnakuja kumzika mama."

Bi Mwanakheir, na watoto wa marehemu, na watu wa Tumbatu, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Gharib, akupeni subira. Nanyi wasikilizaji, kama ipo habari mnayoiogopa, mwiteni mtu akae nanyi, mkaiulize. Yule mnayemhofia, huko aliko, anakuhofieni nyinyi.