Mama Renatha na Msafara wa Kitufe Kimoja

Haya, mla senene mwenzangu, vuta kiti! Tarehe 30 Juni 1998 Mama Placidia Kokubanza, yaani Mama Renatha wetu, anastaafu baada ya kuutunza ukumbi wa Kituo cha Wakulima hapa Kituntu kwa miaka ishirini kasoro kidogo. Wakati anaanza kazi, wengine humu tulikuwa bado tunafungwa vifungo vya shati na mama zetu!

Aliingia mwishoni mwa 1978, vita vimewaka, ukumbi umejaa watu waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kugawa uji na kugombeza watoto waliokuwa wanabembea kwenye madirisha. Vita vikaisha, watu wakarudi kwao, yeye akabaki na funguo. Hakuna aliyemkabidhi rasmi. Alizifunga tu kwenye pindo la kitenge na tangu siku hiyo kila anayetaka ukumbi anamwamkia yeye kwanza.

Sheria zake mnazijua. Kwanza futa miguu, halafu ndiyo uingie. Mchungaji amefuta, padri amefuta, na mheshimiwa mmoja alirudishwa mlangoni na hotuba yake mkononi akaenda kufuta. Mabenchi aliyapanga mwenyewe, maharusi aliwapanga mwenyewe, na kwaya ikizidisha nyimbo alianza kufagia miguuni pa waimbaji wa sauti ya kwanza mpaka waelewe.

Halafu zikaja mashine, jamani! Mwaka 1989 ikaja amplifaya. Kwa kuwa ilitangulia, akaiita Mzee. Mwaka 1993 zikaja televisheni na video. Televisheni akaifunika kitambaa cha kufuma, akaiita Bibi Harusi, na video ikawa Shemeji. Mwaka 1995 likafungwa dishi juu ya bati pamoja na kisimbuzi chake, hicho kikawa Mgeni. Kila mmoja na rimoti yake! Rimoti nne kwenye kikapu cha maharage, zote nyeusi. Ukitaka kuongeza sauti, unamzima Bibi Harusi. Ukitaka kumwasha Shemeji, Mgeni anakuletea wazungu wanacheza gofu. Wakulima wametoka Nyaishozi kwa miguu kuja kuona namna ya kupogoa mibuni, wanaangalia gofu.

Mwaka 1996 mfadhili mmoja aliyepita hapa akatuachia dawa: rimoti moja ya kuamuru mashine zote. Mama Renatha akakaa nayo chini kama mtu anayechambua mchele. Unazilaza rimoti mbili mezani, kichwa kwa kichwa, ya zamani inatoa amri, mpya inasikia na kukariri. Hiyo ni rahisi. Utamu wenyewe uko mbele: unabonyeza kitufe cha kupangia mpaka taa nyekundu icheze, unachagua kitufe kimoja kitupu, unakilisha amri moja baada ya nyingine, unafunga. Siku nyingine ukikigusa hicho kimoja tu, amri zote zinatoka zimefuatana! Kitabu chake kinasema ni makro. Mama Renatha akasema huo ni msafara, na hapa Kituntu hakuna anayesema makro.

Sasa msafara lazima uwe na wa kutangulia. Mama Renatha hakuhangaika kufikiri. Nyumbani mgeni akija, akamwani, zile kahawa za kutafuna, unaanza kumpa nani? Mkubwa! Kwa hiyo akaweka Mzee kwanza, kisha Bibi Harusi, kisha Shemeji, kisha Mgeni, heshima imetimia. Ilikuwa Alhamisi, ukumbi umejaa. Akasimama mbele na rimoti, akatabasamu kama anayekata keki, akabonyeza.

Mzee akawaka, na sauti ilikuwa juu kabisa kwa sababu kwaya ilifanya mazoezi asubuhi. Nyuma yake wengine wakaanza kuamka mmoja mmoja, na kila anayeamka anampiga Mzee ngumi ya umeme. Tu! Tu! Wa mwisho akapiga BUUU! Spika ya kushoto ikapasuka kama ngoma iliyoachwa juani.

Bibi Nyirabageni wa Kanoni alikuwa ameshalala chini ya benchi. "Mie mabomu nilishayakimbia zamani," akasema kutoka huko huko chini, "leo miguu haitaki."

Karekezi, yule mkulima wa Nyaishozi mwenye mdomo, akauliza, "Mama Renatha, umetuwashia video au umetuitia radi?"

Watu wakacheka, lakini mkuu wetu wa kituo, Mzee Byarugaba, hakucheka. Spika zilikuwa mbili tu, na ya pili ikifa hakuna masomo ya video tena. Akamwita pembeni, ila pembeni ya ukumbi ule kila mtu anasikia.

"Mama Renatha, kuanzia Jumatatu nenda jikoni. Ukumbi nampa Elpidius."

Elpidius dereva akaruka. "Mkuu, mimi rimoti yangu ni usukani!"

"Nyamaza wewe."

Mama Renatha hakulia wala hakupiga magoti, aliangalia tu zile funguo kwenye kitenge. Jikoni si kubaya, tunakula kwa mikono ya wa jikoni, lakini ukumbi ule ndio ulikuwa maisha yake. Akasema, "Jumatatu nitaenda, Mkuu. Leo ni Alhamisi. Nipe kesho nikosee mara ya pili."

"Ukosee? Na spika iliyobaki?"

"Nikiipasua nayo, sitangoja Jumatatu. Nitaenda jikoni hiyo hiyo Ijumaa na kanga kichwani."

Mzee Byarugaba akatazama dari, akatazama spika iliyochanika, akatazama watu mia wanaomtazama yeye. Akampa ile Ijumaa.

Jioni ile Mama Renatha aliwasha mashine moja moja kwa mkono, sauti chini, sikio kwenye spika. Akasikia wapi ngumi inatoka. Ndipo akapiga paja lake akacheka peke yake. Akamwani anapewa mkubwa kwanza, ndiyo, lakini watu wakiwa wameshakaa! Kwenye harusi nani anamwingiza babu wakati mabenchi bado yanaburutwa? Akaufuta msafara wote, akapanga upya: Bibi Harusi, Shemeji, Mgeni, halafu kimya kidogo wote watulie, ndipo Mzee aingie. Na mwisho wa kila kipindi akaupangia msafara wa kuondoka, Mzee akitangulia kutoka baada ya kushushwa sauti.

Ijumaa watu walijaa kuliko jana yake. Tuseme ukweli, nusu walikuja kusikia BUUU. Bibi Nyirabageni alikaa karibu na mlango, viatu mkononi. Mama Renatha akabonyeza. Picha ikaja. Kimya. Karekezi akaziba masikio. Kimya tena. Halafu sauti ikaingia polepole, ya bwana shamba, inasema chagua machipukizi matatu yenye nguvu. Ukumbi ukapiga makofi kabla hata hajayachagua!

Jikoni hakwenda. Baada ya hapo misafara ikazaliana: wa masomo, wa harusi, wa ibada, mpaka wa kuzima haraka jenereta ikianza kukohoa, ambao mimi mtunza jenereta naushukuru sana. Wakulima wengi wa Kanoni na Nyaishozi wamefufua mibuni yao mizee kwa yale waliyoyaona kwenye ukumbi ule.

Basi Ijumaa iliyopita, siku ya kukabidhi, akatuita wote. Akaiweka rimoti mezani, akabonyeza kitufe cha kupangia, taa nyekundu ikacheza, na mbele ya macho yetu akafuta misafara yote. Yote!

Elpidius akashika kichwa. "Mama, umetuua!"

"Mbona mnapumua?" akajibu. "Mimi nilipewa Ijumaa ya kukosea. Na nyie, Ijumaa yenu ndiyo hii, chukueni. Ningewaachia yangu, mngekuwa mnabonyeza tu kama kuku anavyodonoa." Akatufundisha kulaza rimoti kichwa kwa kichwa, akatuonyesha ile spika iliyobaki, akafungua pindo la kitenge akatoa funguo. Hapo ndipo Mzee Byarugaba alipojifanya ameingiwa na vumbi machoni.

Asante, Mama Renatha, kwa ukumbi safi, kwa makelele, na kwa kutuamini kuliko tulivyojiamini. Nenda kwenye migomba yako Nyaishozi ukapumzike, wajukuu wakuchoshe kwa raha, afya ikukae mwilini, na siku zako ziwe tamu.

Na wewe, mla senene, usijifanye husikii. Ijumaa ijayo wakulima wa Kanoni wanakuja, ukumbi utajaa, spika ni hiyo moja, na rimoti iko mezani haina hata amri moja. Ukiitwa mbele, wewe utaupangaje msafara wako?