Walimu Waliofundishwa Kuulizwa

Mheshimiwa Msimamizi wa Teritwari, Bwana Mkurugenzi Mkuu wa taasisi yetu, Shehe na Padri, mliokubali kuketi benchi moja, walimu wenzangu mnaopokea vyeti leo, wanafunzi, nanyi wageni wa Kabambare, ambao vumbi la pikipiki bado liko mabegani: kila mmoja apokee salamu yangu kwa heshima inayomstahili. Mimi ni Honorine, mkuu wa idara ya biolojia. Nimeombwa niwasifu walimu waliomaliza mafunzo haya, na nitawasifu, lakini kwa njia yangu.

Bwana Cirhuza alipofika kutoka Bukavu kutufundisha, nani kati yetu alimwamini? Alitutaka tuache kusomesha sayansi kwa kuandikisha noti tu. Alitaka kila somo liwe na utafiti ndani yake, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza watafute jibu ambalo hata mwalimu halijui. Mwalimu Bakari wa kemia akainua mkono.

“Na majibu yetu yatabaki kwa nani?”

“Yatabaki kwenu.”

“Kila aliyepita hapa alisema vile.”

Swali la Bakari lilikuwa langu pia, na sijutii. Katika nchi ambamo mgeni akipiga picha ya mlima leo, kesho mlima una mwenyewe mwingine, tungemwaminije mtu anayetaka vijana wetu waende kupima udongo na maji?

Bwana Cirhuza hakukasirika. Alisema, “Basi chagueni swali nyinyi wenyewe, lile ambalo hamungependa mutu mwingine awajibie.”

Bakari akachagua maji ya kijiji cha Lusangi. Mliotoka upande ule mnajua hali ilivyokuwa. Watoto walikuwa wanaharisha, wengine walizikwa, na wakulima walisema kwamba wachimbaji wa dhahabu ndio walioitia sumu chemchemi ambayo wote wanaitegemea. Vijana wa kijiji walikuwa wameapa kuichoma kambi yao. Wachimbaji nao walinoa mapanga, wakisema wakulima wanatafuta sababu ya kuwafukuza ili wayarithi mashimo.

Hapo ndipo Bakari alipowapeleka wanafunzi wake. Kabla hawajaifikia chemchemi, walizuiwa na Plamedi, PDG wa shimo moja, kama wanavyomwita kule mwenye shimo. Akawanyang'anya chupa zao.

“Munatafuta zahabu yetu,” alisema. “Leo munapima maji, kesho mutaleta kampuni.”

Aliyejibu ni mwanafunzi mmoja, Malaika, binti wa wenye duka hapa mjini Kasongo, ambaye baba yake, kwa hofu, alikuwa amemkataza mara nyingi asiende.

“Hapana, baba. Tunatafuta mavi.”

Wakubwa mnisamehe, ndivyo alivyosema. Wala hakuna aliyecheka. Akaeleza kwamba ndani ya kila chupa kuna karatasi yenye dawa, na kwamba maji yenye uchafu wa choo, yakikaa humo siku moja au mbili kwenye joto, hugeuka meusi.

“Na nani anajua kama si hiyo dawa yenu ndiyo inageuza?” Plamedi akauliza.

Malaika akamtazama mwalimu wake. Zamani Bakari angejibu, tena kwa Kifaransa kirefu. Safari hii alikaa kimya, na kimya kile, mabwana na mabibi, ndicho kitu kigumu kuliko vyote alivyojifunza kwa Bwana Cirhuza.

“Mashaka yako iko na maana,” Malaika akasema baada ya kufikiri. “Tuchemshe maji, tutie katika chupa moja. Kama ni dawa inageuza, nayo itageuka. Na uchote wewe mwenyewe, chupa zikae kwako.”

“Kwake peke yake, hapana.” Huyo alikuwa Mama Falone, mkulima, ambaye mjukuu wake alikuwa kitandani. Alikuwa amewafuata kutoka shambani, jembe mkononi. “Na mimi nichote zangu.”

Wakachota wote wawili, kila mmoja akikodolea macho mikono ya mwenzake: maji ya jicho la chemchemi, pale yanapotoka kwenye jiwe, maji ya kidimbwi cha chini, watu wanapochovya vidumu na kufulia, maji ya vidumu vya nyumbani, na yale yaliyochemshwa. Kisha kila mmoja akaficha zake.

Siku mbili baadaye, walipozileta sokoni mbele ya pande zote mbili, chupa za Plamedi na za Falone zilisema jambo moja. Yaliyochemshwa yalikuwa safi. Ya jicho la chemchemi, safi. Ya kidimbwi, meusi. Na kidumu cha Plamedi na kidumu cha Falone, meusi vilevile.

“Basi ni sisi wote tunayachafua,” akasema Mama Falone.

“Mimi sijasema hivyo,” akajibu Plamedi. “Tupime tena.”

Wakapima tena, wakapata yale yale. Kambi haikuchomwa. Walilifunika jicho la chemchemi kwa mawe na saruji, wakatoa bomba la kuchotea, wakazungushia ua. Walijenga pamoja, kila upande ukiuchunga mwingine usije ukaondoka na saruji. Ugonjwa haujaisha, nisiwadanganye. Lakini umepungua, na mjukuu wa Mama Falone anatembea.

Baadaye walikuja hapa mabwana fulani wenye gari zuri, wakamwomba Bakari ramani ya mto na mchanga wa Lusangi, kwa ajili ya sayansi, walisema. Bakari akawauliza swali lao la utafiti ni lipi. Hawakuwa nalo. Akawaambia waende wakaombe ruhusa kwa Plamedi na Mama Falone. Hadi leo hawajaonekana Lusangi.

Walimu wenzangu, je, vyeti hivi vinawafanya muaminike? Haviwafanyi. Vinasema tu kwamba sasa mwanafunzi, mchimbaji na mama wa shamba wanaweza kuwauliza mmejuaje, nanyi msione mmetukanwa.

Juma lijalo Bakari na Malaika wanakwenda Wamaza, walikoitwa. Watu wa kule wametuma neno: njooni, lakini chupa tutashika wenyewe. Nilimuuliza Malaika kama masharti hayo yanamuudhi.

“Hapana, mama,” alinijibu. “Yanatupunguzia kazi.”

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Na yeyote aliyetilia shaka neno lolote nililolisema, anifuate kabla chakula hakijapoa.