Kofia ya Waya ya Iriza

Benchi letu la hapa mjini Baraka liko kwenye kona ya njia ya soko, kando ya sahani ya jua ambayo Volti huchajia simu za watu. Anastasie humimina kahawa, sisi tunamimina maneno. Asubuhi hiyo hakuna aliyetulia. Juzi kifafa kilimwangusha Iriza, binti wa Clarisse muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, hapa hapa mbele yetu, mkono wake ukaingia kwenye mbabula, jiko la makaa. Tulipiga kelele sana, lakini hakuna aliyemgusa. Sasa alikuwa hospitali, kwa madaktari wageni wanaojaribu kofia ya waya: inasoma mawimbi ya ubongo ili ijue kifafa kabla hakijafika.

— Kichwa ya muntu iko na courant, umeme kabisa, — alisema Volti. — Ya Iriza inapanda, inashuka. Mashini itaona kabla, mbele anguke.

— Uongo! — Huyo ni Sheria, aliyewahi kufagia mahakama. — Itaona je kitu yenye haiyafika? Haba na haba hujaza kibaba!

— Kibaba inaingia wapi humo? — aliuliza Anastasie.

— Inaingia! Kidogo kidogo banajaza mawazo yetu mu mashini. Kesho banajua nani aliiba nyavu ya nani.

— Na ndoto! — alidakia mwingine wetu. — Ukiota bibi ya jirani, inaandikwa.

— Basi mi sivae ile kofia, hata kwa dawa! — aliapa wa pembeni yake.

Volti akasimama, macho yanawaka.

— Mi nitaifunga ku baffle kubwa, spika ya muziki. Ikilia, mutaa yote isikie, bantu bakimbie mbali, mbele mate ya mwenye kuanguka ibaguse. Ikikugusa, njo umepata ugonjwa!

— Tukimbie pamoja, — alisema Sheria. — Umoja ni nguvu!

Tulikuwa bado tunacheka Clarisse alipofika na Iriza. Mkono wa mtoto umefungwa bandeji, nywele zimeganda dawa ya kunatishia waya.

— Karibu, mama Iriza! — tulisema. — Madaktari banasema je?

— Iko ya kujaribu bado, bapapa. Lakini ikifaulu, italia mbele anguke. Docteur anauliza: mi nikiwa ku soko, ikilia, nani atakuja kumukamata, amulalishe kwa ubavu?

Volti akainamia waya zake za simu. Sheria akamwomba Anastasie kahawa nyingine.

Iriza alikuwa amechoka. Akaketi kwenye ncha ya benchi, kando yangu.

Niliona haya, lakini nilikuwa nimeshasimama kumkwepa.