Aliyenisomea Vita kwa Simu

Marehemu, mjukuu wangu, alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1984, saa nne asubuhi, mtoto wa kwanza wa binti yangu. Watoto wengine wakizaliwa hulia. Yeye aliuliza maswali. Mkunga alijibu mawili, la tatu likamshinda, akaaga kwenda kunywa chai. Anayebisha akamuulize mkunga mwenyewe, kazikwa mistari miwili kutoka hapa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1991, akamaliza sekondari, na mwaka 2007 akahitimu uandishi wa habari. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita.

Aprili 2008 aliajiriwa na jarida la kila wiki, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Wakampa harusi na mitindo ya nywele. Vita vilipoanza mpakani mwaka 2013, wanaume wote wa ofisi ile waliumwa mgongo siku moja. Akaenda yeye. Na kila ripoti, kabla ya kumtumia mhariri, alinisomea kwa simu.

"Bibi, umeelewa?"

"Hapo kwenye machafuko sijaelewa. Nani kamfanya nini nani?"

"Haya, bosi wangu, nabadilisha."

Anafuta, anaandika upya, ananisomea tena. Nisichokielewa mimi hakitumwi.

Tarehe 14 Julai 2012 alikuwa ameolewa na fundi redio, wakajaliwa binti mmoja. Watu walimcheka mume: "Mkeo yuko wapi?" "Vitani." "Na wewe?" "Jikoni. Una swali lingine?"

Marehemu hakuugua. Nalisema kwa sauti, maana ratiba iliyoletwa na ofisi yake iliandika "alifariki ghafla." Ghafla gani? Tarehe 3 Februari 2024 alinisomea ripoti ya hospitali iliyopigwa makombora kutoka kambi ya jeshi ya kilimani. Watu thelathini na mmoja, wengine na dripu mkononi. Siku hiyo sikumrekebisha hata neno. Jarida likatoka: "Watu kadhaa wafariki katika machafuko." Kambi haimo. Kombora halimo. Kana kwamba waliteleza bafuni!

Alirudi nyumbani akampigia mhariri, nami nimekaa kando yake, simu iko kwenye spika.

"Dada, huna ushahidi."

"Nimewahesabu kwa kidole hiki."

"Niletee picha ya kombora, ndipo tuongee."

Akarudi vitani kuifuata. Tarehe 19 Februari 2024, saa tisa alasiri, aliuawa kwa kombora katika ua wa hospitali ileile, kamera shingoni.

Mhariri, nakuona safu ya mbele na miwani ya jua, nawe umekaa kivulini. Rambirambi zako tumezisikia. Picha uliyoitaka ilirudi ndani ya kamera, namba za kombora zinasomeka. Mume wake ameichapa nyuma ya ratiba hii, pamoja na ripoti nzima kama nilivyosomewa. Geuzeni karatasi, jamani, msome. Nawe geuza, baba. Huwezi kusema tena hukuiona.

Marehemu ameacha mume, binti wa miaka tisa, mama yake, wadogo zake wawili wa kiume, na mimi bibi yake ambaye simu yangu hailii tena.

Yeye apumzike kwa amani, kazi yake kaimaliza. Mhariri asipumzike: jarida linatoka Alhamisi.