Mama Sahani na Siku Mbili za Kungoja

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mama Sahani anastaafu baada ya kuitumikia maabara ya hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja.

Jina hilo tulimpa sisi. Kazi yake ilikuwa kuotesha bakteria kutoka kwenye usaha na mikojo ya wagonjwa katika visahani, kisha kupanga juu yake vipande vya karatasi vyenye dawa, aone ipi inawaua na ipi wameshaizoea. Akikualika chakula nyumbani kwake, lazima kwanza uulize kitapakuliwa kwenye sahani zipi.

Majibu yake yalichukua siku mbili. Sisi madaktari, kwa pupa zetu, tuliyataka leo leo. Yeye alitujibu kwamba bakteria hawajui kama daktari ana haraka.

Katika mwaka wake wa kumi na tisa kazini, mama mkwe wake alilazwa wodini kwangu na kidonda cha mguu. Mawifi wakaja juu: apewe ile dawa kali inayofungiwa kabatini, kwani mkwewe si yumo humu humu? Nilishashika kalamu. Mama Sahani akaniomba ningoje, maana homa ilikuwa ndogo. Mawifi wakamnunia, mmoja akasema angekuwa mama yake mzazi asingengoja. Mchana ule nilimkuta kwenye ngazi za nyuma, analia. Aliniambia kwamba akikosea mguu utakatwa, naye hatakuwa na uso wa kurudi nao nyumbani.

Siku ya pili alinionyesha kisahani. Bakteria walikuwa wameota hadi ukingoni mwa dawa kali, raha mustarehe. Iliyowaua ni dawa ya zamani tuliyokwisha kuidharau. Tukampa mgonjwa hiyo, kidonda kikafunga.

Ningefuata haraka zangu, mguu ule ungekwenda. Sijawahi kulisema hili mbele za watu, na bado linanitia aibu. Leo hospitali nzima hutuma sampuli kwanza.

Si kila mara alishinda. Zipo siku ambazo hakuna karatasi hata moja iliyowaua, na siku hizo zinaongezeka. Habari hizo alizileta wodini mwenyewe, hakumtuma mtu.

Mama Sahani, asante kwa ukaidi wako. Tunakuombea afya, na asubuhi zisizo na sampuli. Mama mkwe wako ametuma ujumbe kwamba Ijumaa gari lisiende kumchukua: atakuja kwa miguu.