Marahaba, na Nakala ya Pili Iko Wapi? Bwana Maximilian Sulle Anaiaga Redio Masuke

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bwana Maximilian Sulle, mkuu wa maktaba ya sauti na picha ya Redio Masuke hapa Katesh, anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya kututumikia na kutudharau. Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu, kama alivyoeleza meneja wetu Bwana Sebastiani, mimi ndiye niliyedharauliwa kwa muda mrefu zaidi. Nimeupokea uteuzi huo kwa moyo mkunjufu.

Bwana Sulle alizaliwa Bashay, wilayani Mbulu, katika familia ya wakulima wa mahindi na maharage wenye ng'ombe wachache, ambao yeye akiwasimulia huwa wengi. Alijiunga nasi mwaka 1998, redio yetu ilipokuwa bado chumba cha kurekodia kwaya na maktaba ikiwa sanduku la kanda za kaseti chini ya meza. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzikunjua kwa kalamu kanda zilizomezwa na mashine. Tangu wakati huo ametuvusha kutoka kaseti hadi CD, kutoka CD hadi kompyuta, na kila tulipovuka alikidharau kifaa tulichokiacha na kutudharau sisi tuliokililia.

Alikusanya kila kitu: kwaya za parokia, hadithi za wazee, picha za minada, matangazo ya misiba. Hata vipindi vyangu vya kilimo alivitunza vizuri, ndani ya folda aliyoipa jina Mengineyo.

Dharau ya Bwana Sulle haikuwa na ubaguzi wa cheo wala umri. Ukimwamkia shikamoo asubuhi, aliitikia vizuri kama mtu aliyelelewa, kisha akamalizia na swali lake: "Marahaba. Na nakala ya pili iko wapi?" Aliwauliza watangazaji, alimuuliza mhasibu, na siku moja alimuuliza paroko aliyekuja kuleta tangazo la kipaimara. Waliojibu kwamba kazi yao iko kwenye simu aliwatazama kwa huruma. Waliojibu kwamba iko huko juu mtandaoni aliwaomba wamwonyeshe hiyo huko juu kwa kidole.

Kuna mwaka aliletwa mtaalamu kutoka mjini, na projekta yake, atufundishe namna ya kuendesha maktaba kwa kontena. Wengi wetu tulihudhuria kwa ajili ya wali na nyama. Mtaalamu alisema siku nzima, na picha zake zilikuwa na mishale ya rangi zote. Bwana Sulle aliuliza swali moja tu: vitu hivi vikiharibika, vinarudije? Akajibiwa kwamba hiyo ni mada ya kesho. Kesho yake mtaalamu alikuwa ameshaondoka na projekta.

Kwa faida ya wale tuliosinzia, kontena ni kama kibanda cha maonyesho. Programu ya maktaba inakaa humo na kila inachohitaji, na kibanda kikichoka unakibomoa na kusimamisha kingine kilekile kabla chai haijapoa. Ndiyo maana hakuna mwenye akili anayeweka mali yake kibandani. Mali inakaa ghalani, na kibanda kinatobolewa mlango wa kulifikia ghala. Maghala ni mawili. La kwanza ni hifadhidata, yaani majina: nani kaimba, wapi, lini. La pili, ambalo mafundi wanaliita voliumu, ndilo lenye sauti na picha zenyewe. Ukitunza la kwanza peke yake, una majina ya nyimbo usizonazo. Ukitunza la pili peke yake, una nyimbo usizojua ni za nani. Bwana Sulle alitueleza haya mara nyingi, na kila mara alianza kwa kusema anajua hatutaelewa.

Sasa nakala. Kwetu mtu mwenye busara hafugi ng'ombe wake wote zizi moja. Wengine huwaweka kwa rafiki, kata nyingine, ili ugonjwa ukiingia huku, kule abaki hata mtamba mmoja. Anayetunza hunywa maziwa na kupata samadi. Ng'ombe na ndama hubaki mali ya mwenyewe. Bwana Sulle aliifanyia maktaba vivyo hivyo. Diski moja ilikaa ofisini, nyingine akaiweka Dirma kwa rafiki yake wa shule, Mwalimu Joakimu. Kila mnada wa Katesh, Mwalimu alikuja na diski imefungwa kwenye kitenge. Bwana Sulle aliichomeka, akaanzisha zoezi la kunakili maghala yote mawili, akaenda zake mnadani kula nyama. Akirudi anakuta zoezi limekwisha, na diski inarudi Dirma kwa Mwalimu. Utaratibu huo aliuita wa kisayansi, na asiyeusifu alionekana mshamba.

Jambo moja tu hakulifanya. Mfugaji yeyote wa hapa, hata mvivu, huenda kumwona ng'ombe aliyemweka kwa mwenzake. Bwana Sulle hakuwahi kukanyaga Dirma.

Mwaka jana wakati wa masika radi ilipiga nguzo nyuma ya ofisi. Kompyuta kuu ikaungua, na diski ya ofisini, iliyokuwa imechomekwa ubavuni mwake, ikaungua nayo. Sisi tulishika vichwa. Bwana Sulle alitabasamu kama mtu aliyealikwa harusini. Kwenye kikao cha asubuhi alitutangazia kwamba hadi chakula cha mchana maktaba itakuwa imerudi, na akatushauri tuangalie kwa makini ili baadaye tukiwadanganya wajukuu tuwe na pa kuanzia.

Hapa nimtaje Violeth, mtangazaji wetu wa kipindi cha asubuhi. Mama yake, Mama Justina, aliishi Jorodom. Desemba 2023 tope lilipoteremka kutoka mlimani lilimchukua yeye na nyumba, pamoja na kila picha na kila simu iliyokuwa ndani. Sauti ya mama ilibaki mahali pamoja tu duniani: katika maktaba yetu, kwenye kipindi cha maharage nilichorekodi shambani kwake muda mfupi kabla. Siku ile baada ya radi Violeth alivuta kiti, akakaa nyuma ya Bwana Sulle.

Diski ya Dirma ilifika kwa bodaboda. Bwana Sulle akasimamisha vibanda vyake kwenye kompyuta ya mhasibu, akaizima programu kwanza ili isiandike kitu wakati anarudisha, akairudisha hifadhidata, akaamuru na voliumu ifuate, akaiwasha programu bila kukagua. Majina yakaanza kuteremka kwenye kioo: kwaya zote, wazee wote, hata Mengineyo. Tukapiga makofi. Meneja Sebastiani alikuwa ameshaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba maktaba imerudi yote, tumshukuru Mungu na uongozi.

Violeth akaomba atafutiwe mama yake. Jina likaja, na tarehe, na jina langu kama mtangazaji. Akabonyeza. Kimya.

"Labda ni spika," nikasema mimi, kwa kuwa kila ofisi inahitaji mtu wa kusema hivyo.

Spika zilikuwa nzima. Majina yote yalikuwepo na hakuna hata moja lililotoa sauti. Bwana Sulle akaifungua diski kuitafuta voliumu, akakuta harusi. Diski nzima ilikuwa harusi: za Dirma, za Endasak, na kipaimara kimoja kilichopigwa picha kutoka mgongoni mwa askofu. Mwalimu Joakimu, kumbe, ndiye mpiga video wa kata yake.

Simu ikapigwa, tukaiweka sauti kubwa.

"Max, umeniwekea ng'ombe," Mwalimu akasema bila wasiwasi wowote. "Sasa maziwa nisinywe? Nimetumia nafasi tu."

"Na vitu vyetu umefuta?"

"Nichinje ng'ombe wa mtu? Unanionaje wewe? Majina yale hayali kitu, nikayaacha. Siku ya mnada naondoa harusi zangu kupisha, na wale wakubwa kila nikitoka mnadani nawahamishia kwa shemeji Gervasi, Bashay. Kule malisho ni mapana."

Tulimtazama Bwana Sulle, na kwa mara ya kwanza hakutudharau. Gervasi tulimjua sote kwa kusimuliwa. Ni mzee mwenye kibanda cha kupiga picha na kuuza nyimbo kwenye flashi, jirani kabisa na nyumbani kwa akina Sulle. Kila Krismasi Bwana Sulle alipita mbele ya kibanda kile, na kila Januari alirudi kutusimulia lile dampo la nyimbo na mwenyewe asiyejua hata folda ni nini.

Kesho yake tulikwenda Bashay, yeye, Violeth na mimi. Njia nzima hakuna aliyeulizwa kuhusu nakala. Kufika, Bwana Sulle alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo, Mzee Gervasi."

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu, akaendelea kupanga flashi zake taratibu. "Nasikia huko Katesh kazi yako ni kuuliza watu nakala ya pili iko wapi. Yako ninayo mimi. Kaa kwanza unywe maziwa."

Mtu anayekwenda kuchukua ng'ombe wake haondoki bila kunywa. Bwana Sulle, asiyependa maziwa ya mgando tangu utotoni, alimaliza kikombe, akaongezewa, akamaliza. Mzee alikaa akimtazama hadi tone la mwisho, ndipo akatoa diski kutoka chini ya godoro. Ng'ombe walikuwepo wote, hadi wa mnada wa mwisho kabla ya radi.

Tuliporudi ofisini sauti zikanakiliwa kwenye voliumu, na bado programu ikakataa kuzifungua. Mafaili yaliyopita mikono mingi yalikuwa yameandikwa jina la mwenye mali mwingine, na kontena haligusi kisicho chake. Safari hii hakuna aliyepiga makofi mapema, na meneja alikatazwa kushika simu. Bwana Sulle akaurekebisha umiliki, akaiwasha upya, kisha akainuka kwenye kiti na kumwachia Violeth.

Violeth akabonyeza.

"Wewe baba," sauti ya Mama Justina ikasema, nzima, yenye haraka ya mtu mwenye shamba la kupalilia, "hicho kitu unakishikaje kama mwiko? Na huku shambani umekuja na viatu vyeupe. Umekuja kurekodi au kubatizwa?"

Chumba kizima kikacheka. Walinicheka mimi, na sijawahi kufurahi hivyo kuchekwa. Violeth hakucheka. Aliinamia spika hadi mwisho wa kipindi, maharage na yote, akarudisha mwanzo, akasikiliza tena.

"Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa anatuamsha," akasema.

Bwana Sulle alikuwa dirishani, ametugeuzia mgongo. Aliposema, alisema na ua wa ofisi: "Kesho tunaiharibu tena."

Na kweli tuliiharibu. Tangu siku ile, kila mwezi inaletwa mashine tupu, vibanda vinasimamishwa upya, maghala mawili yanarudishwa, na zoezi halihesabiwi kuwa limefaulu hadi Mama Justina anikemee kwa habari ya viatu. Kabla ya hapo haiitwi nakala. Bwana Sulle anaiita ng'ombe wa kusimuliwa. Vilevile huenda Dirma mwenyewe, bila taarifa, kumwangalia ng'ombe, na Mwalimu Joakimu amenunuliwa diski yake ya harusi. Wageni kutoka redio nyingine wamekuja kujifunza utaratibu huu, wakaulizwa waliwahi lini kurudisha za kwao, wakaondoka mapema.

Maktaba sasa anaipokea Violeth. Wiki iliyopita Bwana Sulle alimpa mtihani mbele yetu sote: mashine tupu, diski, hakuna msaada. Violeth akasimamisha, akarudisha, akapanga umiliki kabla ya kuulizwa, na mama yake akanikemea kama kawaida. Bwana Sulle alitafuta kosa, akakuta tu kwamba binti anakaa vibaya kwenye kiti. Violeth akageuka na kiti hichohicho.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Na picha zako za nyumbani? Za harusi yako, za watoto. Nakala ya pili iko wapi?"

Mtu aliyetuuliza swali hilo miaka yote akapapasa mfuko, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka, akaishika kwa mikono miwili. Zote zilikuwa humo, na humo tu. Violeth akamnyooshea mkono. Alimtazama tu, kwa huruma ileile tuliyoizoea sote, na mzee akamkabidhi.

Bwana Sulle, kamati ilikusudia kukupa saa ya ukutani, kama wanavyopewa wastaafu wote ili waone vizuri muda wasio na kazi nao. Tumeona aibu. Tumekununulia mtamba mwekundu, na kwa mila yetu hatukuletei nyumbani kwako Bashay. Tumemweka Dirma kwa Mwalimu Joakimu. Maziwa ni yake. Ukichelewa kwenda kumwona, usishangae kuambiwa yuko kwa Mzee Gervasi, na unajua utanyweshwa nini kabla ya kumpata.

Asante kwa kila sauti uliyotutunzia, na zaidi kwa ile moja. Uende salama, uwe na uzee mwema wenye mvua za kutosha na wajukuu wa kuwadharau. Hiyo dharau ya hapa ofisini isikutie wasiwasi. Nakala ya pili iko kwa Violeth.